Nilijua Choroko Zake ni Safi

Nina miaka thelathini na minne. Sina mke, sina nyumba, na shule niliiacha nikiwa kidato cha pili. Msidhani nilikosa ada... hapana. Nilikuwa siwezi kutulia. Mwalimu anafundisha historia, mimi naangalia feni ya darasani na kujiuliza ndani yake kuna nini.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimeshindilia pamba kwenye jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba, nimejaza gesi kwenye friji kule Mwanza, nimetengeneza redio, baiskeli na mashine za kunyolea. Kazi nikishaielewa, naiacha. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mimi ni ndama aliyekata kamba.

Asubuhi moja niliamka Mkula, nyumbani kwa kaka yangu, nikakunja shuka, nikatia nguo mbili kwenye begi na kutoka. Mpango? Sikuwa nao. Barabarani nilikuta lori limesimama, dereva anahangaika na tairi lililopasuka. Nikamsaidia. Tulipomaliza akaniuliza ninakwenda wapi. Nami nikamuuliza yeye anakwenda wapi. Akasema Bariadi. Basi na mimi nikawa ninakwenda Bariadi.

Laiti lile tairi lisingepasuka!

Dereva alikuwa na mfuko mdogo wa mashudu ya pamba wa kupeleka kupimwa kwenye maabara moja ya mtu binafsi. Akaniomba nimpelekee ndani yeye akitafuta maegesho. Nikaingia... na humo ndani nikaona mashine.

Jina lake la vitabuni ni kromatografia ya gesi. Sisi tuliiita GC tu. Kwa nje ni kabati la kawaida, kama friji fupi. Lakini ndani lina oveni, na ndani ya oveni kuna bomba jembamba kama uzi, limeviringwa. Ukilinyoosha linafika mita thelathini! Choroko za kupimwa zinasagwa, zinaloweshwa kwenye kimiminika maalumu, zinachujwa, kisha tone dogo sana linaingizwa kwa sindano. Oveni inapanda joto, tone linakuwa mvuke, na gesi inausukuma mvuke ule kwenye bomba. Vitu vyepesi vinatangulia kutoka, vizito vinafuata. Kila kinachotoka, kompyuta inakichorea kilele chake. Kwa njia hiyo unajua kama mkulima alipulizia dawa ya wadudu, na ni dawa gani.

Nilisimama pale mpaka dereva akaja kunitafuta. Sikuondoka naye. Nikaomba kazi, nikapewa ya kuosha vyombo vya kioo na kupiga deki.

Mtaalamu wa maabara alikuwa Dada Rehema, mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa pale mjini. Mwanamke mpole, mwenye kucheka kwa macho tu. Maswali yangu hayakumchosha. Ningeuliza hata mara kumi, angejibu mara kumi. Ndugu zangu, mimi niliyekimbia walimu wote maishani, nilipata mwalimu nikiwa nimeshika ufagio.

Msimu wa choroko ulipofika, kazi ikatuelemea. Wanunuzi wa nje hawapakii mzigo bila cheti cha maabara, na kila kikundi cha wakulima kinataka chake leo. Sampuli moja ilichukua karibu dakika arobaini, kisha oveni ilibidi ipoe kabisa ndipo uingize nyingine. Watu walijaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Bosi, ambaye alisomea biashara na si maabara, alipita kila saa akiuliza kwa nini mashine haiendi mbio.

Mimi nikaanza kuwaza. Mtu wa friji anajua habari za joto kuliko mtu wa vitabu! Nikashauri tuweke feni kubwa nyuma ya oveni, hewa ya moto ifukuzwe upesi. Ikapoa kwa nusu ya muda wa zamani. Nikashauri sampuli inayofuata iwe imeshachujwa na kukaa tayari kabla ya ile ya kwanza kumaliza. Hilo nalo likasaidia. Dada Rehema akafurahi, akamwambia bosi mbele yangu kwamba mawazo ni ya Ngusa. Ngusa ndiye mimi.

Akaniamini. Akanionyesha namna ya kuwasha mashine, na akanipa neno lake la siri la kompyuta ili Ijumaa akienda kuswali kazi isisimame. Neno lake la siri... Mnajua uzito wa mtu kukupa kitu kama hicho?

Lakini mimi nilitaka zaidi. Nilikuwa nimegundua kwamba dakika kumi na mbili za mwisho mashine haichori kitu. Mstari umelala kimya kama maji ya lambo, na oveni inaunguza umeme bure. Nikamwambia Dada Rehema tuzikate. Akatikisa kichwa.

“Hizo dakika si za sampuli hii, Ngusa,” alisema. “Ni za inayofuata.”

Akanieleza kwamba mafuta na dawa nzito hung'ang'ania ndani ya bomba. Usipoliunguza mpaka litakate, vitu vile vitachelewa, vitatoka katikati ya sampuli ya mtu mwingine, na mtu huyo atahukumiwa kwa uchafu usio wake. Akaniambia hata alama yake. Kilele cha kweli ni chembamba kama mwiba. Kilichochelewa huwa kinene, kama kichuguu.

Nilimsikia. Lakini moyoni nikasema wasomi ni waoga tu.

Sasa niwaambie habari za Kabula.

Kabula alikuwa fundi cherehani, mtaa wa nyuma ya maabara. Nilimpelekea suruali nikarudi na swali kuhusu cherehani yake, na kesho yake swali jingine. Siku ya nne akaniambia, “Wewe uliza tu unachotaka kuuliza, usizungukie cherehani.” Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani kukaa mahali pamoja.

Akanipeleka kijijini Sapiwi kwa baba yake, Mzee Jilala. Mzee alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa choroko. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna kupulizia dawa. Wadudu waliokotwa kwa mkono, magugu yalipaliliwa kwa jembe, choroko zilianikwa kwenye turubai safi. Mwaka uliotangulia Mzee Jilala alimfukuza kikundini jirani yake, Maduhu, aliyekamatwa akipulizia choroko dawa ya pamba. Maduhu alilia akaomba msamaha, mzee akakataa. Neno lake lilikuwa lile lile: hakuna kupulizia.

Nilimweleza mzee kwamba sina ng'ombe hata mmoja wa mahari. Akanitazama machoni.

“Ng'ombe watatafutwa,” alisema. “Mimi nataka kujua kama utakaa.”

Nikasema nitakaa. Tukakubaliana kwamba choroko zikishauzwa nitatuma washenga. Niliporudi Bariadi jioni ile nilikuwa naimba barabarani kama mwendawazimu!

Kisha mjomba wake Dada Rehema akafariki kule Tabora, na yeye akaenda msibani kwa wiki nzima. Kabla ya kuondoka alimwambia bosi kwamba sampuli zimsubiri. Bosi akaitikia. Lakini basi lilipoondoka tu, akaniita ofisini. Akasema benchi limejaa, wateja wanatishia kwenda Mwanza, na yeye anajua kwamba mimi ninaweza. Akaniita “mtaalamu.” Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo.

Nikaingia kwenye kompyuta kwa neno la siri la Dada Rehema. Nikaikata ile sehemu ya mwisho, dakika zote kumi na mbili. Bosi alisimama mlangoni akishangaa jinsi kazi inavyokimbia. Vyeti vilitoka kama maandazi! Yeye alisaini, na chini yake lilichapwa jina la Dada Rehema, maana kompyuta ilijua kwamba yeye ndiye anayefanya kazi.

Siku ya Jumanne nilipima mashudu ya pamba ya kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo. Yalikuwa na mafuta mengi na yamejaa dawa. Nyuma yake, bila kufikiri, nikaingiza choroko za kikundi cha Sapiwi.

Karatasi ikasema zina dawa.

Nilidhani macho yangu yamekosea. Lakini bosi alikwishasaini, na mnunuzi alikwishapigiwa simu. Nikaichukua nakala, nikaitazama vizuri. Kile kilele... kilikuwa kinene. Kilikuwa kimelala kama kichuguu kati ya miiba.

Nikasubiri bosi aende kula, nikairudisha mashine kwenye mpango wa Dada Rehema, nikaliunguza bomba mpaka mwisho, nikaingiza choroko za Sapiwi upya. Dakika arobaini nilisimama mbele ya ile kompyuta. Hazikuwa na kitu. Zilikuwa safi, safi kabisa, kama mzee alivyosema.

Wasomaji wangu, hapo ndipo ningeweza kuokoka. Ningemkimbilia bosi, ningempigia simu mnunuzi, ningepanda pikipiki mpaka Sapiwi. Nini kilinizuia? Niliona aibu. Niliogopa kurudi kwenye ufagio. Niliogopa Kabula ajue kwamba yule mtaalamu wake ameharibu. Nikajiambia nitasema kesho. Ile karatasi ya pili nikaichana vipande vidogo nikaitupa chooni.

Kesho nayo ikawa kesho kutwa.

Mnunuzi aliukataa mzigo wote. Sapiwi ikawaka moto wa maneno. Wakasema kumbe mwenyekiti alikuwa anapulizia kisirisiri huku anawafukuza wenzake. Maduhu alipita kila nyumba akieleza alivyoaibishwa mbele ya watoto wake na mtu mchafu kuliko yeye. Mama yake Kabula alikwenda kisimani, wanawake wakampisha bila salamu.

Kabula alikuja kwangu akilia. Akaniuliza, mimi ninayefanya kazi mle, je, mashine inaweza kukosea? Nikamjibu mashine ni mashine. Jibu gani lile! Akanishukuru hata hivyo.

Jumapili Mzee Jilala aliwaita wanakikundi wote nyumbani kwake baada ya ibada. Nami nilikwenda. Alikuwa amelifungua gunia lile lile ambamo sampuli ilichotwa, akatoa choroko, mkewe akazipika kwenye chungu kikubwa, akasonga na ugali. Hakutoa hotuba. Aliwaambia kwamba hajui mambo ya mashine, anajua shamba lake. Mwenye kuamini neno lake anawe mikono ale naye. Asiyeamini akae tu, hatamlaumu.

Akanawa. Akakaa mbele ya sinia, akamega, akala. Mkewe na Kabula walikuwa mlangoni mwa jiko na bakuli lao, nao wakala. Yeye akawa anakula taratibu, anatazama chini, ili asimtie mtu haya.

Hakusogea mtu! Watu aliolima nao tangu ujana, waliomzikia wazazi wake... walikaa kwenye viti wakatazama nzi.

Kisha akainua macho akanitazama mimi.

“Karibu, ng'wanawane,” alisema. Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile.

Mimi peke yangu katika uwanja ule nilijua. Wengine walikuwa na shaka, mimi nilikuwa na uhakika wa mita thelathini za bomba! Lakini niliwaza, nikila, Maduhu atauliza nimejuaje. Wote watageuka, wataanza kuuliza mmoja baada ya mwingine, na mwisho watafika kwenye zile dakika kumi na mbili.

“Nimeshiba, baba,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula peke yake. Kabula alinitazama kutoka jikoni. Alikuwa ananifahamu. Alijua sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Jumatatu Dada Rehema akarudi. Mashine ile inaweka kumbukumbu ya kila kitu, na yeye anaisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Haikupita saa moja akafunga mlango tukabaki wawili, akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta mashudu, halafu choroko na kile kichuguu, halafu choroko tena, safi.

“Ulirudia,” alisema kwa sauti ndogo. “Umejua tangu Jumanne.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alikwenda moja kwa moja kwa bosi kudai cheti kifutwe na wakulima waandikiwe barua. Bosi akakataa. Alisema barua ile itaiua maabara, na mzigo ulikwishauzwa kwa bei ya kutupa kwa mfuga kuku. Dada Rehema hakunyamaza, akasema ataandika yeye mwenyewe. Ndipo akaulizwa neno lake la siri lilifikaje mikononi mwa mwosha vyombo. Akakiri kwamba alinipa yeye mwenyewe. Akafukuzwa kazi siku ile ile, na ile kompyuta ikafungwa asiiguse.

Na mimi? Mimi nilibaki kazini! Bosi aliniambia niwe makini siku nyingine. Nilimsaidia Dada Rehema kubeba boksi lake mpaka kwenye bajaji. Nilitaka kusema samahani, nikaishia kulipanga boksi vizuri kwenye kiti. Akaniambia kama bado nina kitu cha kusema, watu wa kuambiwa wako Sapiwi.

Nilikwenda kesho yake. Niliomba kikundi kikutane, nikasimama katikati, nikasema yote. Feni, dakika kumi na mbili, mashudu, kichuguu, karatasi niliyoichana. Nilijua sitasamehewa, lakini niliamini angalau mzee atasafishwa.

Nilipomaliza, Maduhu akasimama, akacheka kidogo.

“Mkwe anamtetea mkwe,” alisema. “Kama ulijua ni safi, Jumapili mbona hukula?”

Watu wakaguna. Wengine wakainuka kwenda zao. Sikuwa na cheti, sikuwa na barua, shahidi wangu alifukuzwa kazi, na wao waliniona kwa macho yao nikisema nimeshiba. Ukweli niliuleta, lakini niliuleta umeshaoza. Siku hiyo hiyo wakamchagua mwenyekiti mwingine.

Mzee Jilala alibaki kwenye kiti chake. Nikapiga magoti mbele yake. Nilitegemea aniulize habari za mashine. Hakuuliza.

“Pale kwenye sinia,” alisema, “ulikuwa umeshajua?”

Nikasema ndiyo, baba.

“Basi ungekula tu. Usingesema neno lolote. Ungekula.”

Akainuka, akaenda kuwatazama ng'ombe zizini ingawa ulikuwa mchana na walikuwa wamekwenda machungani. Zizi lilikuwa tupu. Alisimama pale ameshika fito, nyumba ameipa mgongo.

Kabula alinisindikiza mpaka njia panda. Hakulia. Alisema angeweza kuolewa na mtu aliyekosea kazi, kwani hata yeye hukata vitambaa vya watu vibaya. Lakini hawezi kuolewa na mtu aliyeshiba siku ile. Akageuka. Nilisubiri aangalie nyuma... hakuangalia.

Wasomaji wangu, mimi sikusoma sana, lakini hili naomba mlipokee kwangu. Kuharakisha kazi si dhambi. Ile feni mpaka leo inafanya kazi nzuri. Lakini ukitaka kukata kitu kwa sababu machoni pako hakina faida, muulize kwanza anayekijua, na akikujibu, mwamini. Na ukishakosea, sema siku ile ile! Usingoje upate maneno mazuri. Usingoje barua wala mkutano. Mtu asiye na hatia akiwa peke yake mbele za watu, na wewe unajua, nenda ukakae upande wake hata kama mdomo umeshindwa kusema. Aibu yako itaisha baada ya wiki mbili. Ya kwake huenda isiishe.

Niliacha kazi, nikaondoka Bariadi alfajiri, kwa miguu kwanza, halafu kwa yeyote aliyenibeba. Jua likiwa juu nilishushwa Lalago. Simjui mtu huku. Nikaulizia chumba, nikaelekezwa nyumba ya wageni ya mama mmoja mwenye umri wa mama yangu, anayeandika wageni wake kwenye daftari la shule.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri. Akaandika jina langu. Akauliza ninatoka wapi. Sijui kwa nini, badala ya kusema Mkula nilikozaliwa, nikajikuta nimesema Sapiwi.

Akafurahi. Akaweka kalamu chini, akasema huko ana watu.

“Sapiwi kwa nani, baba?”

Nikamwambia aandike mpita njia.